Filamu Hii Umeirudia Mara Ngapi? Jinsi ya Kuweka Daftari la Marudio

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kabati lenye CD mia tatu ni mali. Mwenye kabati hilo anajua alizonazo. Asichokijua ni zipi huziweka kwenye deki kila baada ya miezi michache na zipi hazijatoka kwenye kasha tangu siku aliyozinunua. Hesabu hiyo haihitaji programu ya kulipia. Inahitaji kanuni chache zilizoamuliwa mapema, kisha kuandika siku ileile.

Amua kwanza "mara moja" ni nini

Madaftari mengi huharibikia hapa. Umeanza filamu saa nne usiku, usingizi ukakuchukua dakika ya arobaini, kesho ukamalizia. Hiyo ni mara moja au mbili? Na ile iliyokuwa ikicheza sebuleni huku wewe unapiga pasi? Usipoamua leo, mwezi ujao utaamua tofauti, na namba zako hazitalinganishika tena.

Tumia herufi tatu. K ni kamili: umetazama asilimia 90 au zaidi, yaani dakika 108 kwa filamu ya dakika 120. Kiwango hicho ndicho ambacho Kodi na Plex, programu za kupanga na kuchezea filamu, huja nacho zinapoamua kwamba filamu imeshatazamwa, na kinafaa kwa sababu dakika za mwisho huwa ni majina tu yanayopanda kwenye skrini. N ni nusu: umeanza ukaishia njiani. P ni pembeni: inacheza, lakini macho yako yako kwingine. Zote ziandikwe, ila K peke yake ndiyo ihesabiwe. Filamu iliyotazamwa kwa vipande ndani ya siku saba ni K moja, na tarehe yake ni ya siku uliyoimaliza. Siku saba si sheria ya mtu, weka tatu ukitaka, mradi usiibadilishe katikati ya mwaka.

Kumbuka pia kwamba mara ya kwanza si marudio. Filamu yenye K tano imerudiwa mara nne.

CD mbili, filamu moja

Kwenye makabati ya kwetu diski na filamu hazilingani idadi. VCD hubeba dakika 74 hadi 80 tu, kwa hiyo filamu ndefu huja kwa CD mbili. Filamu nyingi za Bongo ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na kasha lake na bei yake. Zipo pia DVD za mkusanyiko, ambapo diski moja imebeba filamu nane au kumi. Ukihesabu diski, VCD itaonekana imetazamwa mara mbili zaidi ya DVD, na mkusanyiko utaonekana kipenzi cha nyumba kumbe ni filamu moja tu ndani yake inayorudiwa.

Basi namba ipewe filamu, si diski. VCD ya CD mbili ina namba moja. Sehemu ya kwanza na ya pili zina namba moja, na K huandikwa sehemu ya pili ikiisha. Ukirudia sehemu ya pili peke yake, hiyo ni N. Mkusanyiko hupewa namba ya diski na ya filamu: D014-3 ni filamu ya tatu kwenye diski ya 14. Herufi ya mwanzo usiiache, maana ukiandika 14-3 tupu, lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel au Google Sheets) inaweza kuigeuza kuwa tarehe 14 Machi.

Filamu iliyotafsiriwa na DJ, au na VJ kwa walioko Uganda, ipewe namba yake mbali na ile ya sauti ya asili. Wengi huirudia kwa ajili ya maneno ya mfasiri, na daftari linalochanganya nakala hizo mbili halitakuonyesha hilo.

Daftari la karatasi

Kama hutumii kompyuta, kata karatasi ngumu ya sentimita 8 kwa 12. Inaingia ndani ya kasha la kawaida la DVD, ambalo ni kama sentimita 13.5 kwa 19, bila kukunjwa. Chora safu nne: tarehe, kiasi (yaani K, N au P), nani, maelezo. Tumia penseli. Karatasi ikikaa ndani ya kasha, unaiona unapotoa diski na unapoirudisha, kwa hiyo kusahau ni vigumu.

Usiandike wala kubandika chochote juu ya diski yenyewe. Stika huifanya diski iwe nzito upande mmoja na kuyumba inapozunguka. Kwenye VCD hatari ni kubwa zaidi: tabaka linalobeba picha liko chini kidogo tu ya upande wa maandishi, na ncha ya kalamu au kuibandua stika hulikwangua. DVD ina nafuu, tabaka lake limekaa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, lakini hata hiyo haina haja ya wino wako.

Wenye haraka wana njia nyingine. Tarehe 1 Januari geuza makasha yote, migongo iangalie ukutani. Kila filamu unayoimaliza irudishe ikiwa imegeuzwa sawa. Desemba utaona kwa jicho moja ambazo hazikuguswa. Haikuambii umetazama mara ngapi, na mgeni mmoja mpenda usafi anaweza kuivuruga kwa dakika tano.

Lahajedwali: kurasa mbili, si moja

Kosa la kawaida ni kuwa na orodha moja ya filamu yenye safu iitwayo "mara", ambapo unafuta 3 na kuandika 4. Tarehe zinapotea, na ukijiuliza kama kweli uliongeza wiki iliyopita, hakuna pa kuangalia. Fungua kurasa mbili.

Ukurasa wa Kabati una mstari mmoja kwa kila filamu: A namba, B jina, C aina (VCD, DVD, Blu-ray, faili), D tarehe uliyoipata, E bei. Ukurasa wa Daftari una mstari mmoja kwa kila mara iliyotazamwa: A tarehe, B namba, C kiasi, D nani, E maelezo. Kwenye seli K1 ya Kabati andika tarehe uliyoanza kuweka daftari. Kisha, kwenye mstari wa pili wa Kabati:

F2, mara ngapi:
=COUNTIFS(Daftari!B:B,A2,Daftari!C:C,"K")

G2, mara ya mwisho:
=IF(F2=0,"",MAXIFS(Daftari!A:A,Daftari!B:B,A2,Daftari!C:C,"K"))

H2, wastani kwa mwaka:
=F2/MAX(1,(TODAY()-MAX(D2,$K$1))/365.25)

Buruta zote tatu hadi mstari wa mwisho. MAXIFS ipo Google Sheets, na kwenye Excel kuanzia ya 2019. LibreOffice nayo inayo, ila kwa kawaida huandika nukta badala ya alama ya mshangao, yaani Daftari.B:B. Kompyuta iliyowekwa lugha ya Kifaransa hutaka nukta-mkato pale palipo na mkato.

Ile IF ya kwenye G2 ina kazi. Bila hiyo, filamu isiyotazamwa huleta sifuri, na sifuri ikivaa sura ya tarehe huwa mwaka 1900 kwenye Excel au 30 Desemba 1899 kwenye Google Sheets.

Kwa nini namba itumike badala ya jina? Majina huandikwa kila siku kwa namna nyingine, na filamu mbili tofauti zinaweza kuwa na jina moja. Zaidi ya hayo, COUNTIFS huchukulia alama ya kuuliza kama herufi yoyote na nyota kama maneno yoyote, kwa hiyo jina lenye alama hizo linaweza kuhesabu filamu nyingine.

Tarehe ziandikwe 2026-03-05. Ukiandika 05/03/2026 kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Marekani utapata tarehe 3 Mei, na 25/03/2026 itabaki maandishi matupu ambayo MAXIFS huyaruka. Dalili yake ni tarehe kujipanga upande wa kushoto wa seli wakati nyingine ziko kulia.

Kila mwisho wa mwezi pima hesabu yenyewe. Kwa filamu 300:
=COUNTIF(Daftari!C:C,"K")-SUM(F2:F301)

Jibu liwe 0. Likiwa 2, kuna mistari miwili ya Daftari yenye namba ambayo haipo Kabati. Likiwa chini ya sifuri, namba fulani imeandikwa mara mbili Kabati.

Safu ya H ndiyo ya kuamini unapolinganisha. Filamu uliyonunua 2016, daftari likaanza 1 Januari 2023, na kufikia 1 Januari 2026 ina K sita, imetazamwa mara mbili kwa mwaka. Ukigawa kwa miaka kumi ya umiliki utapata 0.6, namba ya uongo, kwa sababu miaka saba ya mwanzo hukuandika chochote. Miaka hiyo usijaribu kuijaza kwa kukisia. MAX(1, ...) nayo inazuia filamu ya juzi, iliyotazamwa mara mbili wiki moja, isionekane inarudiwa mara mia kwa mwaka.

Simu na seva

Letterboxd, mtandao wa wapenzi wa filamu, inaweka shajara bila malipo, lakini kubonyeza alama ya jicho pekee kunasema tu kwamba umewahi kuitazama, hakuweki tarehe. Lazima uiingize kwenye shajara na, kama ni marudio, kuweka alama kwamba uliwahi kuiona. Ongeza lebo kama "nakala-yangu", la sivyo filamu ulizoziona kwenye televisheni zitachanganyika na za kabatini. Ukipakua data zako, faili la diary.csv lina safu mbili za tarehe: Date ni siku uliyoandika, Watched Date ni siku uliyotazama. Chukua ya pili.

Kwa filamu za faili, Kodi huhesabu yenyewe, ila hutunza idadi na tarehe ya mwisho tu. Ukihamisha faili au kubadilisha jina la folda, huiona kama filamu mpya na hesabu inaanza sifuri. Hamisha taarifa za maktaba kwenda kwenye faili za NFO, yaani faili ndogo za maandishi zinazokaa pamoja na filamu, kabla hujagusa folda. Jellyfin, seva ya filamu ya nyumbani, ina programu-jalizi ya Playback Reporting inayoandika kila uchezaji. Kwa seva yoyote fanya jaribio: anzisha filamu, izime baada ya dakika moja, uangalie kama hesabu imepanda. Ikipanda, usiichukue kama K. Na kila mtu nyumbani awe na akaunti yake, kwa sababu mtoto mmoja na katuni moja wanatosha kuharibu orodha nzima.

Kuzisoma N

N iandikwe na dakika uliyoishia. N za filamu moja zikiwa dakika ya 12, ya 50 na ya 31, watazamaji wameichoka. Zikigandia dakika ileile kila mara, tatizo ni diski. Diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo alama za vidole na mikwaruzo ya ukingoni hukwamisha mwisho wa filamu. Kwenye DVD za tabaka mbili, za GB 8.5, tabaka la pili kwa kawaida husomwa kutoka ukingoni kurudi ndani, na filamu huganda karibu na katikati. Ifute kwa kitambaa laini ukitoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, kisha ijaribu kwenye deki nyingine kabla hujaitupa.

Filamu yenye sifuri nayo iulizwe ilikuwa wapi. Ongeza safu ya azima yenye jina la aliyeichukua na tarehe, maana iliyokaa kwa jirani miezi minane haikuwa na nafasi ya kurudiwa.