Jinsi ya Kutembelea Ufuo wa Shela, Lamu, kwa Kufuata Saa ya Maji

Mgeni anayeshuka gatini Lamu kwa mara ya kwanza huuliza nauli ya kwenda Shela, huuliza mahali pa kula, na ni nadra kuuliza swali ambalo lingemfaa kuliko yote hayo, yaani maji yanapwa saa ngapi. Ufuo wa Shela unaanzia penye kijiji cha Shela, kilomita 3 hivi kutoka mji wa kale, ukanyooka kwa takriban kilomita 12 ukiikabili Bahari ya Hindi, na sura yake hubadilika kabisa baina ya asubuhi na jioni. Saa nne unaweza kukuta uwanja mpana wa mchanga mgumu unaokanyagika kama sakafu, na saa kumi ukirudi papo hapo ukakuta wimbi linavunjikia karibu na vilima vya mchanga.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga siku, ulizia tarehe ya mwezi wa Kiislamu, ambayo hutakosa mtu wa kukuambia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua, na hapo maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha yakajaa sana saa kumi alasiri au baada yake kidogo. Tofauti kati ya kujaa na kupwa katika siku hizo hukaribia mita 3. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata ukifika katikati ya bamvua moja na nyingine, wakati wa maji mafu, unakuta mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, tena bila kwenda mbali. Anayetaka kutembea masafa marefu achague asubuhi ya bamvua, atoke saa mbili na awe amekwisha kugeuka kabla ya saa sita, kwa sababu baada ya hapo mchanga mgumu huanza kumezwa na mtu akabaki kutembea kwenye mchanga laini unaochosha magoti.

Wazee wa Lamu wana ushahidi mzito wa jambo hili. Katika Vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, majeshi ya kisiwa jirani cha Pate na ya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yalishuka hapa kuishambulia Lamu, yakashindwa, na inasimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa.

Kutoka mjini kwenda Shela kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwa mashua au boti kutoka gatini, safari fupi inayopita kwenye mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Lamu na cha Manda. Patana nauli kabla hujatia mguu chomboni, uliza kama kuna watu wengine wanaokwenda ili mchangie, na uhakikishe kuwa jaketi za kuokolea zipo. Ya pili ni kwa miguu kufuata pwani, mwendo wa dakika 40 au zaidi kidogo, lakini maji yakijaa sehemu za njia hiyo hufunikwa hadi kwenye kuta. Niliwahi kuwachukua wageni wangu kutoka bara siku ya bamvua bila kuhesabu saa, tukarudi saa kumi na moja maji yakitufika mapajani; mama mmoja alivua viatu vyake vya ngozi akavibana kwapani, wimbi likaupata mkoba uliokuwa na simu yake. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sitoki bila kuuliza.

Kuhusu kuoga, usiogee katika mlango wakati maji yanatoka, hata kama yanaonekana yametulia, kwa maana mkondo huo unakwenda bahari kuu. Sogea mbele hadi ufuo unapoanza kuikabili bahari, uoge maji yanapoanza kujaa, na usipite kina cha kiuno kama huna uzoefu, kwani hakuna mwamba wa kukinga mawimbi na hupaswi kutegemea kwamba yupo mlinzi wa waogaji. Msimu wa kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, bahari huwa laini zaidi. Kusi kikivuma, mawimbi hukua na mchanga hupeperuka ukachoma vifundo vya miguu. Chukua maji ya kutosha na kofia, maana baada ya nyumba za mwisho hakuna kivuli. Maji yawe kwenye chupa ya kudumu, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika fuo za Kenya.

Naomba vilima vya mchanga vipewe heshima ya pekee. Mvua inayonyesha juu yake haitiririki, bali huzama, ikachujika polepole kupita mchangani na kukusanyika chini ikiwa maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi, na visima vya Shela vinavyochota hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Chochote unachokiacha mchangani, iwe ni betri, mafuta au uchafu wa mwili, kiko njiani kuelekea kwenye mtungi wa mtu. Mwenye haja aimalize kijijini kabla ya kuondoka.

Kijiji chenyewe ni cha Waislamu, na msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara mrefu ulijengwa mwaka 1829. Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Ukianza kuingia vichochoroni, jifunge leso au kikoi na ufunike mabega. Salimia kwa "Salaam alaykum," au "Sabalkheri" asubuhi na "Masalkheri" jioni, na usimpige mtu picha, hasa mwanamke, kabla hajakuridhia. Kama ni Ijumaa, ule chakula cha mchana mapema au uchelewe, kwa sababu wakati wa swala shughuli nyingi husimama.

Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu na giza huingia haraka. Uwe umeagana na nahodha tangu asubuhi juu ya saa ya kurudi na mahali atakapokungoja, maana chombo kinachotia nanga penye ngazi maji yakiwa yamejaa hulazimika kusimama mbali yakipwa, ukavuka kwa miguu na mizigo yako kichwani.