Somo: Kompyuta ya Gemu Imezeeka, Tuanze Kubadilisha Kipi?

Swali hili nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe na barazani, karibu kila juma, na mara nyingi anayeuliza amekwisha kununua kifaa kisichofaa. Naliandika mara moja, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningetamani kuupata mapema.

Kwanza, safisha. Vumbi la Dar es Salaam likikutana na unyevu wa bahari hugandamana kwenye mapezi ya kipoza joto, na prosesa (chipu kuu inayokokotoa kazi za mashine) iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe.

Pili, pima kabla ya kununua. Cheza gemu unayoicheza kweli kwa nusu saa, kisha, kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame matumizi ya kadi ya picha na ya prosesa. Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, ikikaa karibu na asilimia 100 muda wote, basi kadi ndiyo inayokuchelewesha. Ikibaki kwenye asilimia 60 huku viini vya prosesa (sehemu zake zinazogawana kazi) vimejaa, tatizo ni prosesa. Tazama kiini kimoja kimoja, kwa maana kimoja kinaweza kuelemewa huku wastani ukionyesha asilimia 40 tu.

Tatu, kama bado unatumia hadi diski (hard disk, diski ya sahani zinazozunguka), weka SSD, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, hazitaongezeka, ila kusubiri kutapungua sana.

Nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya GB 16, vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Angalia pia kizazi chake: RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Tano, pawa saplai, kifaa kinachoigawia mashine umeme, na hapa naomba usome taratibu. Nafasi ya kadi kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine) hutoa wati 75; plagi ya pini 6 huongeza 75, na ya pini 8 huongeza 150. Mwaka mmoja nilinunua kadi iliyotumika yenye kuhitaji pini 6, na kwa kuwa mashine yangu haikuwa na waya huo, muuzaji mmoja wa Kariakoo alinipa adapta ya kuchota umeme kutoka plagi ya SATA, ile ya kulishia diski. Sikujua kwamba plagi ya SATA, kwenye volti 12, kikomo chake ni ampea 4.5, yaani wati 54. Wiki ya pili nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Plagi ilikuwa imeyeyuka, na hadi diski iliyokuwa kwenye waya huohuo ikafa pamoja na picha zote za harusi ya dada yangu, ambazo hatukuwa na nakala yake. Usitumie adapta hiyo hata kwa siku moja. Wala usiamini namba kubwa iliyo kwenye kibandiko: tafuta ampea za volti 12, uzidishe kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 ambayo volti 12 yake ina ampea 20 inakupa wati 240 tu za kutegemea.

Sita, kadi ya picha, kwa kiwango ambacho pawa saplai inakibeba. Prosesa iwe ya mwisho, kwa sababu mara nyingi huburuta madabodi mpya na RAM mpya nyuma yake.

MASWALI

Swali, Tabata: Nina i5 na RAM 8, ninunue kadi gani?
Jibu: i5 ni jina la familia ya prosesa za Intel, nazo zimekuwepo tangu 2009. Taja namba kamili ya prosesa, ampea za pawa saplai, na matokeo ya hatua ya pili.

Swali, Tabata: Sina muda wa kupima, nitajie kadi tu.
Jibu: Sitakutajia, ndugu yangu. Fedha ni zako, nami sitaki uzipoteze kwa neno langu.

Swali, Kigamboni: Shikamoo kaka. Nimepunguza ubora wa picha kutoka 1080 hadi 720 lakini fremu zimebaki palepale. Kwa nini?
Jibu: Marahaba, mdogo wangu, umefanya jaribio zuri kuliko yote. Ukipunguza ubora, kadi hupunguziwa kazi, kwa kuwa vitone vya kuchora vimepungua zaidi ya nusu. Lakini prosesa bado inakokotoa mienendo ya wachezaji na maadui ileile. Fremu zisipopanda, kadi ilikuwa inamsubiri mwenziwe, prosesa. Usinunue kadi. Ukiwa na i5-4570, tafuta i7-4790 iliyotumika: zinaingia kwenye soketi moja, na viini vinne vya i7 hiyo hubeba nyuzi nane (mikondo ya kazi kwa wakati mmoja) badala ya nne. Hakikisha tu kwamba madabodi yako inaitambua.

Swali, Mbezi: Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020 iliyotoka ofisini. Nitabadilishaje pawa saplai?
Jibu: Madabodi yake hutumia plagi kuu ya pini 8, si ile ya kawaida ya pini 24, hivyo utahitaji waya wa kugeuza uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Njia rahisi zaidi ni kuchukua GTX 1650 isiyo na plagi ya umeme, kwani hutosheka na zile wati 75 za madabodi. Pima kasha kwanza. Kama ni jembamba, kadi ndefu haitaingia.

Swali, Kigamboni: Na umeme ukikatika katikati ya gemu?
Jibu: Umeme ukikatika, chomoa waya ukutani, usubiri utulie ndipo uchomeke tena. Ukipata fedha, nunua UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine umeme unapokatika) kabla ya hiyo i7.