Kabla hujapakia nyama ya kuwinda kwenye gari: mambo ya kuzingatia ukijua utakutana na askari wa maliasili barabarani

Ndugu zangu wawindaji, hasa nyie mnaowinda kwa leseni za wenyeji, naomba tuongee kuhusu safari ya kurudi. Porini mtu anakuwa makini kweli, anahesabu risasi, anaangalia upepo unatokea wapi, halafu akishapata mnyama wake akili inahama, anawaza kufika nyumbani tu nyama isiharibike, anatupia kila kitu kwenye gari hovyohovyo na leseni ipo kwenye mfuko wa suruali ya jana chini ya begi. Mbele huko kuna kizuizi, askari wa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, wamesimama na polisi, saa mbili usiku, unaambiwa zima gari fungua buti. Hapo ukianza kupekua mabegi unatafuta karatasi huku damu inachuruzika kwenye bampa, hata kama nyama ni halali yako kabisa utaonekana jangili, na mimi simlaumu askari.

Kwanza tuelewe uzito wa jambo lenyewe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inahesabu nyama, ngozi, pembe, kwato, mifupa na hata mayai ya mnyamapori kuwa nyara za serikali, na ukikutwa nazo bila kibali kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 mpaka 30. Kesi zenyewe mara nyingi zinaingizwa kwenye uhujumu uchumi, sasa huko mambo ya dhamana na mpaka kesi ianze kusikilizwa ni safari ndefu, ndugu wanauza mbuzi wanachoka. Na gari lililobebea linaweza kutaifishwa ukikutwa na hatia, kwahiyo kama umeazima gari la shemeji yako mwambie ukweli unaenda kubeba nini, ni haki yake kujua.

Kitu namba moja ni leseni, na sio kuwa nayo tu, bali iseme kitu kilekile ambacho mzigo unasema. Leseni imeandikwa jina lako, aina ya mnyama, idadi, eneo na tarehe. Kama imeandikwa swala mmoja na kwenye gari kuna mapaja sita, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kama eneo ulilopewa liko upande mmoja wa mkoa na wewe umesimamishwa unatokea upande mwingine, utaulizwa ulipitaje huko, na swali ni la haki. Taarifa za mnyama uliyemuua zijaze palepale porini kabla hujaanza kuchuna, usisubiri ufike nyumbani, maana askari akikuta leseni haijajazwa anajiuliza huyu alitaka kuitumia mara ngapi. Na leseni haiazimishwi, usimtume mdogo wako apeleke nyama mjini na leseni yako wewe ukiwa umebaki kambini, yeye barabarani ni mtu asiye na kibali basi.

Halafu hii ya kukatakata nyama. Watu wanapenda kukata vipande vidogo vidogo wajaze kwenye viroba ili ipoe na ikae vizuri, naelewa, joto la kwetu halisubiri, lakini nyama ya vipande haina jina. Swala na kongoni wakishakuwa steki nani atawatofautisha saa mbili usiku kwa tochi? Mimi nashauri mzigo uutoe kwa vipande vikubwa, kichwa na ngozi viwepo na vikae juu, mtu afungue turubai aone mara moja huyu ni mnyama gani, dume au jike, na ni mmoja. Piga na picha kwa simu pale ulipomuangushia, leseni ikiwa pembeni yake, simu inahifadhi tarehe na saa na siku moja itakusemea. Ukianika ndo kabisa, nyama kavu barabarani ndio inatiliwa shaka kuliko zote kwa sababu majangili ndio wanasafirisha hivyo.

Bunduki: toa risasi zote kwenye chemba na magazini, funga kwenye mfuko wake, risasi ziwe sehemu nyingine, leseni ya silaha iwe pamoja na ya uwindaji kwenye bahasha moja ya plastiki ambayo dereva anaifikia bila kushuka. Silaha iwe ni ya yule aliyeandikwa na awepo ndani ya gari. Lile taa kubwa la kumulika mnalolibeba "kwa ajili ya kambi", jamani, kuwinda usiku kwa kumulika mnyama hairuhusiwi na askari akiliona juu ya viroba vya nyama lazima awaze hivyo, liacheni au libebeni dogo. Kama njia yako inakatiza ndani ya hifadhi, mfano ile barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inavyopita katikati ya Mikumi, muulize mapema afisa aliyekupa leseni upiteje na silaha na mzigo, ukishapata jibu ndo upange safari.

Kagua pia vitu vidogo. Mkia wa nyumbu wa kutengenezea usinga, miiba ya nungunungu mtoto aliokota, yai la mbuni ulilonunua kijijini, kucha, kipande cha ngozi kimening'inia kwenye kioo cha gari. Mtu ana leseni safi ya ngiri halafu anaponzwa na kitu cha mfukoni ambacho hata alishakisahau. Na abiria nao, usimpe lifti mtu mwenye kiroba usichojua kina nini, huku vijijini tunasaidiana sawa lakini siku hiyo ya mzigo mwambie samahani mzee wangu leo gari limejaa.

Sasa umesimamishwa. Washa taa ya ndani, zima injini, mikono ionekane, na wewe ndo uwe wa kwanza kusema, "Habari ya kazi afande, tumetoka kuwinda, tuna bunduki moja iko nyuma imefungwa haina risasi, leseni hizi hapa." Sentensi hiyo moja inashusha presha ya kila mtu, maana hawa vijana wanakutana na watu wenye silaha gizani na wenzao wameshauawa kazini, usimshtue. Omba kwa heshima kuona kitambulisho, hasa kama hawajavaa sare, na askari wa kweli hakasiriki. Kupekua gari wanayo mamlaka kisheria bila hati ya mahakama, kwahiyo kubishana "leta warant" barabarani ni kupoteza muda, ila nyumba ya kuishi ni habari nyingine, hapo lazima iwepo hati au angalau shahidi huru. Kama mna mama au dada kwenye gari anapekuliwa na mwanamke mwenzake, hilo lisimamie. Simama mahali unapoona kila mkono unaoingia kwenye begi.

Wakichukua chochote, hata kama ni kwa nia njema ya "tunaenda kuhakiki ofisini", dai hati ya ukamataji mali iorodheshe kila kitu. Soma kabla hujasaini. Kama imeandikwa vipande kumi na wewe unaviona saba, sema hapohapo na iandikwe saba. Shahidi awepo asaini, na nakala au risiti ubaki nayo. Wawindaji wengi hawalijui hili na ndilo linaloamua kesi miezi mingi baadaye wakati kila mtu ameshasahau ilikuwaje.

Lingine ambalo naliona la maana sana ni nyama yenyewe inapokamatwa. Haikai, itaoza, kwahiyo polisi wanaomba kwa hakimu iteketezwe na inabaki fomu ya orodha kama ushahidi. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilisema wazi kwamba mshitakiwa anatakiwa apelekwe mbele ya huyo hakimu na asikilizwe kabla amri haijatoka, na inapowezekana picha zipigwe. Kwahiyo kama wewe au ndugu yako yuko mahabusu, mwambieni wakili mapema aulize nyama iko wapi na nani anaipeleka kwa hakimu. Huo ndo wakati wa kusema huyu ni swala wangu wa leseni namba fulani, baada ya hapo hakuna tena nyama ya kuonyesha mtu.

Pesa usitoe. Ukiwa halali ukatoa "ya maji" umejifanya una hatia na kesho atakusimamisha tena yuleyule. Akikung'ang'ania chukua namba ya gari lao, saa na mahali, piga TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113, ni bure.

Kwa ambao hamuwindi mnanunua tu, tangu kanuni za 2020 za kuuza nyamapori kuna mabucha yaliyosajiliwa, kula kwa raha zako lakini usitoke pale bila risiti yenye jina la bucha, aina ya mnyama na kilo, na ikae na nyama mpaka inapoingia sufuriani. Na kama unaelekea Namanga au Holili kwenda kuona ndugu upande wa pili, nyama hiyo iishie huku huku, Kenya walipiga marufuku uwindaji tangu 1977 na risiti ya bucha la Arusha haitakusaidia pale mpakani.