Jinsi ya kulishika neno run bila kukariri kamusi

Wanafunzi wangu wa jioni hudhani neno gumu la Kiingereza ni lile refu. Mimi huwaambia waogope mafupi. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ililipa neno set maana zipatazo 430, likawa ndilo lenye maelezo marefu kuliko yote. Wahariri walipoipitia upya kamusi, run likalipiku: maana 645, tena kama kitenzi tu!

Sasa usikariri. Kwanza uliza nani au nini kinatenda. Mtu akiwa mtendaji, anakimbia. Ikiwa ni pua, inachuruzika makamasi. Rangi ya kitenge? Inachuja ukikifua. Injini inafanya kazi, na basi lina safari zake.

Kisha tazama kinachofuata. Run a shop ni kuendesha duka, wala hakuna anayekimbia. Run for president ni kugombea urais. Ukisikia we've run out of sugar, sukari imekwisha, nenda dukani. Hapo wengi huteleza, maana hushika run wakaacha out, na kumbe hicho kineno ndicho kimebeba ujumbe. Daftarini andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, si kitenzi peke yake.

Set nalo lichambue vivyo hivyo: jua linatua, zege linaganda, meza inaandaliwa. Get liache mwishoni, halina mipaka lile: get a letter ni kupokea, get tired kuchoka, get it kuelewa.