Simu ya Mezani Siku ya Kimbunga: Mambo ya Kuzingatia Kabla Mvua Hazijaanza Mtwara na Lindi

Kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na zinapoelekea ukingoni ndipo vimbunga vya Bahari ya Hindi vinapoweza kutusogelea. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Aprili 2019 watu wa Mtwara walitakiwa kuhama mabondeni kwa tahadhari ya kimbunga Kenneth, kikaishia kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Hidaya kiliingia nchi kavu Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Kwa hiyo swali la kuulizana nyumbani mapema, jua likiwa bado linawaka, ni hili: umeme ukikatika na mnara ukazimika, tutamwita nani, na kwa simu ipi?

Wengi hujibu haraka kwamba ipo ya mezani. Jibu hilo ni sahihi kwa simu ya aina moja tu, ile ya waya wa shaba unaotoka nguzoni hadi ukutani. Simu hiyo haitumii umeme wa nyumba. Umeme wake, volti 48 hivi, unatoka kwenye kituo cha simu, ambako kuna betri kubwa na kwa kawaida jenereta ya kuzichaji. TANESCO wakikata mtaa mzima, ukinyanyua mkonga bado utasikia mlio. Sifa ya simu ya mezani kuwa haikuangushi wakati wa shida imetokana na waya huo, wala si kwa sababu simu imekaa mezani.

Simu nyingi zinazokaa mezani leo si za namna hiyo. Iko yenye kadi ya laini ndani na antena ndogo mgongoni: hiyo inategemea mnara uleule wa simu yako ya mkononi, hata kama umbo lake ni la ofisini. Iko ya faiba, ambayo hupitia kwenye ruta. Ruta ikikosa umeme, nayo imekwenda. Na hata mwenye waya wa shaba, akiwa ametumia simu ya kubebeka inayochajiwa kwenye kitako chake, umeme ukikatika kitako kinazima. Namna ya kujua yako ni ipi ni rahisi, na ningependa kila nyumba ifanye hivyo kabla ya Novemba: zima meni swichi, nyanyua mkonga, sikiliza, kisha mpigie jirani. Ukipata kimya, umejua mapema. Mwenye shaba anunue simu ya kawaida ya waya, isiyochomekwa kwenye soketi, aiweke tayari. Mwenye faiba atafute UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta au betri ya sola, aijaribu aone inadumu saa ngapi.

Shaba nayo ina udhaifu wake, na pwani unazidi. Chumvi ya bahari hula viungio vya waya, hasa Mikindani, Shangani na mitaa ya ufukweni Lindi. Mnazi au mkorosho ukiangukia waya, nguzo inakwenda nao. Maji yakiingia kwenye kiungio, laini huanza kukwaruza kabla ya kufa kabisa. Ukisikia mkwaruzo huo wakati wa kiangazi, toa taarifa TTCL mara moja, maana mvua zikishaanza mafundi watakuwa na nguzo za kusimamisha. Lipa pia deni la laini, iliyofungiwa haitakusaidia.

Radi ni jambo la kusisitiza. Radi ikipiga karibu inaweza kupita kwenye waya hadi sikioni kwa mtu. Ngurumo zikiwa juu ya nyumba, usishike simu ya waya. Tumia ya mkononi isiyo kwenye chaja, au ngoja zipite. Watoto waambiwe hivyo kabla.

Simu ya mkononi bado ndiyo tegemeo la kaya nyingi, basi ieleweke inavyoishiwa. Mnara ukikosa umeme wa gridi huendeshwa kwa betri au jenereta, na dizeli inahitaji gari. Barabara ikikatika Somanga au njia ya Newala ikiharibika, dizeli nayo inachelewa. Minara inayobaki hai huzidiwa na watu wanaopiga kwa pamoja. Wakati huo ujumbe mfupi hupenya pale ambapo kupiga kumeshindikana: andika mahali ulipo, mko wangapi, mnahitaji nini. Usitegemee WhatsApp peke yake. Tarehe 12 Mei 2024, siku nane tu baada ya Hidaya, mikongo ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima.

Mtandao ukiyumba, hata kununua LUKU kwa simu kunaweza kugoma. Nunua uniti kabla, weka salio, na uwe na fedha taslimu kidogo ndani.

Namba ziandikwe karatasini kwa kalamu isiyofutika na maji, zibandikwe ukutani: 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, kisha za mwenyekiti wa mtaa, zahanati, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Namba za mezani za mikoa hii huanza na 023, nawe ziandike kamili. Mwenye mjamzito Msangamkuu au Kitunda, ng'ambo ya maji, asisubiri simu kabisa. Bahari ikichafuka chombo hakivuki, kwa hiyo mama avuke mapema, tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikishatangazwa redioni.

Mwisho, chagueni ndugu mmoja aliye mbali na pwani, Dodoma au Songea, awe ndiye anayepokea habari za wote. Kila aliyetawanyika anamtumia yeye ujumbe mmoja, naye anawajulisha wengine. Mpigieni sasa mkubaliane, na namba yake iwe ya kwanza kwenye karatasi ile.