Kumfundisha mtoto herufi nyumbani, mi nilivyofanya hapa Kigoma

Kuna kitu kinanichekesha kila nikitembelea watu hapa Mwanga. Ukishakaribishwa tu anaitwa mtoto wa miaka minne, njoo umwimbie shangazi ei bi si di, anaimba mpaka mwisho wote tunapiga makofi, ila okota kijiti umchoree m chini umuulize hii nini, anakuangalia tu. Wimbo anaujua, herufi hajui hata moja. Na wangu alikuwa hivohivo so sisemi kwa kumcheka mtu.

Kwa hiyo mi naanzia kwenye sauti, majina ya Kiingereza weka pembeni kwanza. Kiswahili chetu kina raha yake, a ni a kila mahali, haibadiliki. Sasa we umwambie mtoto hii e inaitwa "i", i inaitwa "ai", halafu jioni umwambie aandike embe, ataandika imbe na utamwona mzito wa kichwa kumbe umemvuruga mwenyewe. Hata kama ataenda ingilishi midiamu hayo majina atayakuta hukohuko. M ni mmm midomo imefungwa, s ni sss kama nyoka, zile za kama k na t zitaje kwa mkato usizivute.

Na usifuate mpangilio wa a b c d. Anza na a e i o u, moja moja, ikikaa ndo unaongeza nyingine, halafu m, halafu k. Hapo tu, na herufi saba, mtoto anasoma mama, kaka, kuku, mume, kima. Akishaona kasoma neno zima utamkimbia mwenyewe maana atakufuata mpaka jikoni. Herufi ya kwanza ya jina lake mpe mapema hata kama haipo kwenye hizo, mtoto anapenda chake.

Kuandika sasa. Penseli isubiri bana. Vidole vya mtoto wa miaka minne havijakomaa, ukimkimbizia daftari anakamata penseli kwa ngumi kama anatwanga. Sisi ziwa liko mlangoni, chukua mchanga mkavu kidogo wa ufukweni, mwaga kwenye sinia, wewe unaandika kwa kidole yeye anapitisha kidole chake juu ya alama yako huku anataja sauti, akikosea unatikisa sinia imefutika, hakuna ufutio hakuna kulia. Siku nyingine tunapanga kokwa za mchikichi chini mpaka zitoe umbo la o au u (angalia mdogo wake asizitie mdomoni).

Hapa ndo wengi tunateleza: tunaangalia herufi imetokea vipi, hatuangalii mkono umeanzia wapi. Herufi zina ukoo. c, o, a, d, g mkono unaanza juu kulia unazunguka kwenda kushoto, zote zinaanza kama c. Halafu kuna ukoo wa fimbo, r, n, m, h, b, unashuka na fimbo kwanza ndo unapanda unakunja. Ukifundisha kwa koo hizi lile balaa la b na d linapungua sana, kwa sababu d ni a iliyorefushwa shingo, tumbo kwanza fimbo baadaye, na b ni fimbo kwanza tumbo baadaye. Mi sizifundishi wiki moja kabisa, d nampa na a, b nakuja nayo baadaye sana akishasahau kama kuna ugomvi. Akiandika kinyume kama kwenye kioo na hajafika hata darasa la kwanza usipige kelele, wengi wanapitia hapo.

Akihamia chaki mvunjie kipande kifupi, penseli nayo ikate katikati, kikiwa kifupi ngumi haiwezi kukishika, atalazimika kutumia vidole vitatu bila kuhubiriwa. Daftari tafuta la mistari mipana.

Herufi kubwa mi sizifundishi rasmi, zinakuja zenyewe. Kanga za mama zote zimeandikwa kwa herufi kubwa, mtoto amelala mapajani anafuatisha maneno kwa kidole, hiyo ni shule tosha. Ukimpeleka Kibirizi mwonyeshe majina kwenye maboti, muulize ile ya jina lako iko wapi. Ila ujue ile a ya kwenye vitabu na maboksi mara nyingi ina kofia juu, sio hii tunayoandika kwa mkono, mwambie tu ni ndugu.

Dakika 10 zinatosha, ameshiba na hana usingizi. Akianza kuangalia kuku uani basi funga, usimvute sikio.

ch, sh, ny, ng' ziache mpaka silabi za kawaida ziwe nyepesi, na ukizileta zilete kama sauti moja, usimwambie c na h maana c peke yake kwenye Kiswahili haina kazi. q na x wala usihangaike nazo.

Na kama anatumia kushoto mwache na kushoto kwake, daftari tu lisogeze upande huo na ulilaze kidogo ili mkono usifunike alichoandika. Bibi yake atasema, we mjibu kwa adabu kisha endelea.