Chumba cha Peke Yako Mwaka wa Kwanza Chuoni Marekani: Usisubiri Viza

"Shikamoo shangazi. Nimeshapewa chumba. Tupo watatu."

Ujumbe huo uliingia WhatsApp mwezi wa nane, siku mbili baada ya mtoto wa kaka yangu kutua hapa Marekani kuanza chuo. Chini yake kulikuwa na picha. Chumba kilijengwa kwa watu wawili, wakaongeza wa tatu: kitanda kimoja cha deka, kimoja cha kawaida, na meza tatu. Meza ya tatu ilikuwa imeziba mlango wa kabati, kwa hiyo mwenye kabati hapati shati mpaka mwenye meza asimame.

Kijana hakuwa akidai makuu. Deka anaijua tangu kidato cha kwanza. Lakini anaamka alfajiri kuswali, anasoma usiku, na mwenzake akigeuka tu kitandani yeye macho. Aliomba chumba cha peke yake akakikosa, na kilichomkosesha ni sisi wakubwa. Kaka yangu alisema, "Tusilipie chumba kabla ya viza, pesa itapotea." Mimi niliye huku, ninayepaswa kujua, nikamwitikia. Viza ilitoka katikati ya mwezi wa saba, fomu ya makazi ikajazwa siku hiyohiyo, na wakati huo vyumba vya mtu mmoja vilikuwa vimekwisha siku nyingi.

Basi jambo la kwanza ni hilo. Vyuo vingi vya miaka minne hapa vinataka mwanafunzi athibitishe kwamba anakuja, na alipe malipo ya awali, ifikapo tarehe 1 Mei. Ukishathibitisha, unafunguliwa akaunti, na humo ndani ndimo ilimo fomu ya makazi. Kuna vyuo vinavyopanga foleni kwa siku na saa uliyowasilisha fomu. Vingine hupiga kura. Vingine havikupi hiari kabisa: mwaka wa kwanza wote wawili wawili, basi. Huwezi kujua chako kiko kundi gani mpaka uulize, na swali hilo liulize kabla hujakichagua chuo. Andika baruapepe fupi kwa ofisi ya makazi: Je, mwaka wa kwanza anaruhusiwa chumba cha mtu mmoja? Mnagawa kwa foleni au kwa kura? Viza ikikataliwa, malipo ya makazi yanarudishwa? Swali la tatu ndilo lingemtuliza kaka yangu, maana vyuo vingine hurudisha fedha ukiwapelekea uthibitisho kwamba ubalozi umekunyima. Jibu la simu halitoshi. Likija kwa maandishi, litunze.

Vyuo havifanani hata kidogo. Columbia, New York, ina bweni la John Jay ambalo wanakaa wa mwaka wa kwanza na vyumba vyake vingi ni vya mtu mmoja. Chuo Kikuu cha Chicago kina Burton-Judson, nalo linajulikana kwa vyumba vya namna hiyo. Kwingineko ukimuuliza karani atakujibu kwa upole kwamba chumba cha peke yako ni cha mwaka wa tatu na wa nne. Wenye ndugu Uingereza wasichanganye mambo: kule mwanafunzi kupewa chumba chake mwenyewe ni kawaida, kwa hiyo binamu yako wa Leicester anapokushangaa si kwamba anakuringia. Hapa desturi ni kulala na mtu usiyemjua, na wenyewe wanaamini kwamba ni sehemu ya masomo. Mimi naona pia kwamba vitanda viwili vinalipiwa zaidi ya kimoja, lakini hayo ni yangu.

Kwenye fomu utakutana na maneno yanayofanana. "Single" ni chumba cha mtu mmoja, choo na bafu mnashirikiana korido nzima. Mara nyingine chumba cha mtu mmoja kinakuwa ndani ya nyumba ndogo yenye sebule na bafu la watu wanne au watano. Faragha ya usiku unaipata, zamu ya kusafisha sinki nayo unaipata. Halafu kuna chumba cha wawili anachouziwa mtu mmoja, ambacho ni kikubwa na bei yake inauma. Usiandike chaguo moja ukaacha nafasi nyingine wazi ukidhani unaonyesha msimamo. Kompyuta haioni msimamo, inaona nafasi tupu na kukupangia palipobaki. Jaza zote, na ulegeze sharti la jengo: chumba cha peke yako kwenye bweni kuukuu lililo mbali na kantini ni rahisi kupata kuliko kwenye lile jipya ambalo kila mtu ameliona kwenye picha.

Sasa fedha. Hapa wengi tunaumia kimyakimya. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anajua kwamba I-20, fomu ambayo chuo humpa ili aombee viza, ina makadirio ya gharama za kuishi. Ni makadirio ya mwanafunzi wa kawaida, na wa kawaida analala na mwenzake. Tuseme tofauti ya bei ni dola 150 kwa mwezi. Kwa miezi 9 ni dola 1,350. Masomo yakiendelea, mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo si zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kwa kima cha chini cha serikali kuu, dola 7.25, kukifidia hicho chumba ni zaidi ya saa 186 za kuosha sahani, kabla ya kodi. Majimbo mengi yanalipa zaidi ya hapo, lakini piga hesabu hiyo na mtoto akiwa amekaa mbele yako.

Mwenye ufadhili aangalie vizuri zaidi. Ufadhili unaolipia makazi mara nyingi huishia kwenye bei ya chumba cha wawili, ya juu unaongeza mwenyewe. Na lipo jambo ambalo hakuna aliyemwambia kaka yangu: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula hutozwa kodi, na kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye F-1 chuo hukata asilimia 14. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kulipunguza hilo. Chumba na chakula vikigharamiwa dola 12,000, kodi ni dola 1,680, na vyuo vingine huiweka kama deni kwenye akaunti ya mwanafunzi, kijana akaamka asubuhi akadhani amekosea kusoma.

Ndugu zetu Wakongo na Warundi waliokuja kwa njia ya ukimbizi wana nafasi nyingine: watoto wao wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na kupata misaada ya serikali kama raia. Na kama chuo kiko karibu na nyumbani, ulizeni. Vyuo vingi vinavyomlazimisha wa mwaka wa kwanza kulala chuoni humsamehe anayeishi na wazazi ndani ya umbali fulani. Hapo chumba cha peke yake anacho tayari, kama wadogo zake hawajakihamia.

Njia ya pili ni ya afya, na hiyo haipiti ofisi ya makazi. Inapita ofisi inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, na sheria iko nyuma yake: kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 (Rehabilitation Act) na ile ya walemavu ya 1990 (ADA). Kuna wenzetu wanaogoma wakisikia neno ulemavu. "Mwanangu si mlemavu!" Mama, hakuna anayemwita mlemavu, ni jina la mlango tu. Pumu kali, selimundu, kifafa, sonona, kukosa usingizi kulikothibitishwa na daktari, vyote vinaingilia hapo. Fomu hizo zina tarehe yake ya mwisho, mara nyingi mapema kuliko unavyodhani. Na mtoto aliyesoma sekondari hapa asitegemee mpango maalumu wa shule yake ya zamani kumfuata. Chuoni anaanza upya, na anaomba mwenyewe.

Barua ya daktari ndiyo huangusha wengi. Daktari wa kwetu huandika kwa heshima: "Namtibu binti huyu selimundu. Tafadhali mpeni chumba cha peke yake." Ofisi itamrudisha, kwa sababu barua haijasema ugonjwa na chumba vinahusianaje. Barua inayosikilizwa inaeleza: baridi na kukosa maji mwilini huamsha maumivu, anapaswa kunywa maji mengi, kwa hiyo anaamka usiku mara kadhaa kwenda haja, maumivu yakija anahitaji giza na utulivu kwa saa nyingi, kwa hiyo anahitaji chumba chenye kidhibiti chake cha joto, karibu na choo, bila mwenzake. Pengine watampa chumba chenye joto na choo karibu, wasimpe upweke. Akubali, maana hivyo ndivyo vitakavyomlinda. Aulize pia kama atatozwa bei ya chumba cha wawili, kwa sababu vyuo vingine hufanya hivyo kwa aliyepewa chumba kwa ajili ya afya. Na tusibuni magonjwa. Vyumba hivyo ni vichache na kuna mwenye kuhitaji kweli.

Wazazi, msipige simu. Najua inawasha. Lakini mtoto akishaanza chuo, sheria ya FERPA ya 1974 inampa yeye haki juu ya kumbukumbu zake, na karani hatakueleza lolote mpaka mwanao atie saini ya ruhusa. Kaka yangu alipiga kutoka Morogoro saa sita usiku, vocha ikaisha akiambiwa "samahani." Mtoto aandike mwenyewe, mistari mitano, namba yake ya mwanafunzi juu.

Ukikosa, bado. Wanafunzi huahirisha, wengine hawatokei kabisa, na vitanda hubaki wazi. Mara nyingi vyuo husimamisha uhamaji kwa wiki mbili hivi za mwanzo ili wahesabu waliofika, kisha orodha ya kusubiri hufunguliwa asubuhi moja. Uwe macho asubuhi hiyo. Ila mwenzako akihama ukabaki peke yako, usitawanye viatu kwenye kitanda chake: ofisi inaweza kukuletea mwingine kesho, au kukutaka ulipie chumba kizima.

Dodoso la kumtafutia mtu rumeti, yaani mwenzake wa chumba, nalo lijazwe kwa ukweli. Watoto wetu hulijaza mama amesimama nyuma ya kiti. "Unalala saa ngapi?" Saa tatu. "Unapenda wageni chumbani?" Hapana. Kisha anapewa mlokole anayezima taa saa tatu kamili, yeye mwenyewe bado yuko macho saa nane. Mwenye kuamka alfajiri kuswali aandike hivyo wazi. Mara nyingi rumeti mtulivu anatibu kilekile ulichokitafutia chumba cha peke yako. Waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakabebana wawili kitanda kimoja, wakalala mzungu wa nne mhula mzima, wanajua kinachochosha si idadi ya watu. Ni mtu gani.

Kijana wetu alihama mwezi wa kumi. Chumba kidogo, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Nilimpelekea shuka za kitanda cha kawaida, urefu sentimita 190. Kumbe magodoro ya mabweni mengi ya hapa ni ya sentimita 203, na usiku kucha kona moja ikawa inachomoka. Sasa anaomba kuwa RA, mwanafunzi msimamizi wa bweni, kwa sababu RA kwa kawaida hupewa chumba chake bila kukilipia, na maombi ya mwaka wa pili hufunguliwa katikati ya baridi hii hii ya mwaka wa kwanza. Fomu inauliza kama amewahi kuishi na watu wengi mahali padogo. Amenipigia kuuliza aanze na bweni la sekondari au na lile kabati.